Mitambo ya cheni kwenye miteremko na ngazi: Mambo ya kuzingatia Mbeya na Iringa

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya milima. Jiji la Mbeya limejengwa chini ya safu ya milima inayobeba jina lake, Kilele cha Loleza kikilitazama kutoka kaskazini. Manispaa ya Iringa imekaa juu ya kilima, na Mto Ruaha Mdogo unapita bondeni. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya kwenda Zambia hufika katika mikoa hiyo baada ya kuupanda Mlima Kitonga, wilayani Kilolo. Ni sehemu chache tu katika mikoa hiyo ambako mtambo mzito unaweza kufanya kazi siku nzima bila kukutana na mwinamo.

Kazi za kutumia mitambo hiyo nazo ni nyingi. Jijini Mbeya inajengwa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, yenye urefu wa kilomita 29. Njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 400 ya mradi wa TAZA, inayoanzia Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, inapita katika ardhi ya vilima na mabonde. Wilayani Mufindi, Shamba la Miti Sao Hill lina eneo la zaidi ya hekta 130,000, na uvunaji wake hufanyika pia kwenye kingo za mabonde. Kwa kiwango kidogo zaidi, shule, hospitali, nyumba za ibada na majengo ya ofisi huhitaji kupakwa rangi, kubadilishwa paa, kufungwa taa na kukatiwa matawi ya miti mirefu.

Katika kazi hizo, mtambo unaotembea kwa cheni, badala ya matairi, hupendwa kwa sababu hufika mahali ambapo gari haliwezi kufika. Sifa hiyo ndiyo pia chanzo cha hatari yake. Makala haya yanaeleza kanuni za kuendesha mitambo hiyo kwenye miteremko na ngazi, hususan majukwaa ya kunyanyulia watu, na wajibu wa mwajiri, mwendeshaji na mwananchi anayeishi jirani na eneo la kazi.

Jukwaa la cheni ni mtambo gani

Wananchi wengi wanalifahamu katapila na ekskaveta ya cheni. Jukwaa la kunyanyulia watu linalotembea kwa cheni ni dogo zaidi. Lina sehemu nne kuu: kitako chenye injini na cheni mbili, mkono unaokunjuka na kurefuka, kikapu cha kubebea watu mmoja au wawili pamoja na vifaa vyao, na miguu minne inayofunguka pembeni kama ya buibui ili kuusimamisha mtambo wakati wa kazi.

Mtambo huo una hali mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Hali ya kwanza ni ya kutembea: miguu imekunjwa, mkono umelala, kikapu hakina mtu, na mwendeshaji anatembea kando yake akiuongoza kwa rimoti. Hali ya pili ni ya kunyanyua: cheni zimeacha kubeba uzito, miguu minne imeshuka na kukaza ardhini, kitako kimelazwa sawa, na hapo ndipo watu wanapopanda kwenye kikapu. Mtambo unaotembea kwenye mteremko huku mkono ukiwa juu, au unaonyanyua watu kabla ya kulazwa sawa, umetoka nje ya hali zote mbili ambazo fundi aliyeusanifu alizikusudia.

Kushika ardhi si kusimama imara

Kosa kubwa linalozunguka mitambo ya cheni ni kudhani kuwa mtambo usioteleza hauwezi kuanguka. Cheni huzuia kuteleza, haizuii kupinduka. Kuteleza kunategemea mshiko kati ya cheni na ardhi. Kupinduka kunategemea mahali ulipo uzito wa mtambo. Kila kitu kina kitovu cha uzito, na mtambo husimama maadamu mstari wa wima kutoka kwenye kitovu hicho unaangukia ndani ya eneo lililo kati ya cheni zake. Mstari huo ukivuka ukingo wa nje wa cheni ya upande wa chini, mtambo unapinduka, hata kama cheni zimeing'ang'ania ardhi vizuri kiasi gani.

Hesabu ndogo inaonyesha jambo hilo. Chukulia mtambo wenye upana wa sentimita 80 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 60 juu ya ardhi. Ukisimama kwa ubavu kwenye mteremko, mtambo huo hufikia ukomo wa kupinduka kwenye mwinamo wa nyuzi 34 hivi. Mkono ukiinuliwa hata kitovu cha uzito kikapanda hadi sentimita 120, ukomo huo hushuka hadi nyuzi 18. Cheni ya upande wa juu ikikanyaga jiwe lenye kimo cha sentimita 10, mtambo huongezewa mwinamo wa nyuzi 7 nyingine. Kwa hiyo mteremko wa nyuzi 12, ambao kwa macho unaonekana wa kawaida, unatosha kuuangusha mtambo huo.

Hesabu hiyo ni ya mtambo uliosimama tuli. Mtambo unaotembea hutikisika, hufunga breki na kugeuka, na kila tendo kati ya hayo huusogeza uzito wake. Ndiyo maana mwinamo unaoruhusiwa na mtengenezaji siku zote huwa mdogo kuliko ukomo wa hesabu. Nafasi iliyobaki kati ya namba hizo mbili ni akiba ya usalama, na haikuwekwa ili mwendeshaji mwenye uzoefu aitumie.

Namba za kusoma kabla ya kuwasha mtambo

Kitabu cha maelekezo na bamba lililopigiliwa kwenye kitako huonyesha namba tatu za mwinamo, na kila moja ina kazi yake.

Namba ya kwanza ni mwinamo wa kupanda au kushuka moja kwa moja, mtambo ukiwa umekunjwa. Ya pili ni mwinamo wa kupita kwa ubavu, yaani kukata mteremko kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nayo mara nyingi huwa ndogo kuliko ya kwanza kwa sababu mtambo ni mwembamba kuliko urefu wake. Ya tatu ni mwinamo wa ardhi ambao miguu inaweza kuufidia ili kitako kilale sawa kabla ya kunyanyua watu.

Kitako chenyewe, kikishasimama juu ya miguu, huruhusiwa kuinama kwa kiasi kidogo sana. Sababu ni urefu wa mkono. Kwenye kimo cha mita 15, kuinama kwa uzi mmoja tu kwenye kitako hukisogeza kikapu sentimita 26 kutoka mahali pake. Kuinama kwa nyuzi 5 hukisogeza zaidi ya mita 1.3. Jambo lisiloonekana chini huwa kubwa juu.

Mitambo hutofautiana, na namba za mtambo mmoja hazitumiki kwa mwingine hata kama inafanana kwa rangi na umbo. Bamba likiwa limefutika au kitabu kikiwa hakipo, mtambo haufai kupelekwa mteremkoni.

Kupima mteremko

Macho hudanganya, hasa kwa mtu aliyekulia milimani. Mteremko unaoonwa na mkazi wa Tukuyu kuwa wa kawaida humtisha mgeni kutoka pwani. Kipimo ndicho kinachoamua, nacho hakihitaji zana za gharama.

Huchukuliwa ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja. Ncha yake moja huwekwa ardhini upande wa juu, na ubao hulazwa sawa kwa kutumia pimamaji. Kisha hupimwa umbali kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Kila sentimita moja ya umbali huo ni asilimia moja ya mwinamo. Sentimita 10 ni asilimia 10, sawa na nyuzi 6 hivi. Sentimita 20 ni nyuzi 11, sentimita 30 ni nyuzi 17, na sentimita 50 ni nyuzi 27. Ni muhimu kutofautisha vipimo hivyo viwili, kwa kuwa vitabu vingine huandika asilimia na vingine nyuzi. Mwinamo wa asilimia 30 si mwinamo wa nyuzi 30. Anayeichanganya alama hiyo anaupeleka mtambo kwenye mteremko mkali takriban mara mbili ya unaoruhusiwa.

Kipimo hurudiwa katika sehemu kadhaa za njia, na namba inayotumika ni ile ya sehemu kali kuliko zote, si wastani. Njia yote hutembewa kwa miguu kabla ya mtambo kushushwa, na mashimo, mawe, visiki, mitaro, mifuniko ya chemba na mabomba yaliyofukiwa huwekewa alama.

Ardhi, mvua na majani

Mbeya na Iringa zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo mteremko uliopimwa Jumatatu si lazima uwe na uimara ule ule Alhamisi. Aprili 2024, tope kutoka Mlima Kawetere liliporomoka katika Kata ya Itezi jijini Mbeya, likafunika nyumba na majengo ya shule. Tukio hilo lilikumbusha kuwa ardhi ya mlima iliyolowa maji inaweza kusogea yenyewe, bila kuongezewa uzito wa mtambo.

Kila aina ya ardhi ina tabia yake. Udongo mwekundu wa mfinyanzi hushika vizuri ukiwa mkavu na huteleza kama sabuni ukilowa. Udongo wa volkano wa Rungwe na maeneo ya jirani ni mwepesi, na ukishiba maji hulegea chini ya uzito. Katika mashamba ya miti, majani makavu ya misindano hufunika ardhi kama zulia na kuficha mashimo na visiki; juu ya mteremko, zulia hilo huteleza pamoja na mtambo. Nyasi zenye umande wa asubuhi nazo hupunguza mshiko, na ukungu humfanya mwendeshaji asimwone mwongozaji wake.

Kwa sababu hiyo, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ni sehemu ya maandalizi ya kazi. Baada ya mvua kubwa mteremko hukaguliwa upya. Nyufa mpya juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, na maji yanayochuruzika mahali ambapo hayakuwapo ni dalili za kusimamisha kazi na kuwaondoa watu upande wa chini.

Kupanda na kushuka

Kanuni za kutembea na mtambo mteremkoni ni chache, na hufuatwa zote kwa pamoja.

Mtambo hupanda na kushuka moja kwa moja, cheni zote mbili zikifuata mstari wa mteremko. Kukata mteremko kwa ubavu huepukwa. Isipowezekana, mwinamo wa ubavu hupimwa na kulinganishwa na kitabu. Kama mtambo una cheni zinazoweza kutanuliwa, hutanuliwa kabla ya kuingia mteremkoni, si ukiwa katikati yake.

Mkono hulazwa na kufungwa. Kikapu huwa kitupu, bila mtu wala mzigo wa vifaa. Upande mzito wa mtambo huelekezwa juu ya mlima, isipokuwa kitabu cha maelekezo kiagize vinginevyo.

Mwendeshaji huchagua mwendo wa polepole kabla ya kuanza, na haubadilishi njiani. Mtambo haugeuzwi juu ya mteremko. Kugeuka kwa mtambo wa cheni hufanyika kwa cheni moja kwenda kasi kuliko nyingine, jambo linalochimba ardhi upande mmoja na kuongeza mwinamo pale pale unapohitaji kupungua. Njia ikikosewa, mtambo hurudi nyuma kwa mstari ule ule hadi kwenye tambarare, ndipo ugeuzwe.

Mwendeshaji anayetumia rimoti hutembea upande wa juu au pembeni kwa umbali unaotosha, na kamwe hasimami upande wa chini. Mwongozaji mmoja tu ndiye hutoa ishara, na ishara ya kusimama hutiiwa hata ikitolewa na mtu mwingine yeyote. Upande wa chini wa mteremko hufungwa kwa utepe au uzio, na hakuna mfanyakazi, mpita njia au mfugo anayeruhusiwa kuingia hadi mtambo ufike tambarare.

Iwapo mtambo utaanza kuteleza au kuinuka upande mmoja, mwendeshaji wa rimoti huachia vidhibiti na kusogea mbali. Hakuna mtu anayejaribu kuuzuia kwa mikono, kamba au gogo. Mtambo wa tani mbili au tatu hauzuiliki kwa nguvu za watu.

Kwa katapila na ekskaveta, ambazo dereva hukaa ndani, kanuni ni ile ile, ila dereva hufunga mkanda wakati wote na kubaki ndani ya kibanda endapo mtambo utapinduka. Wanaoruka nje hukabiliwa na hatari ya kuangukiwa na mtambo wenyewe.

Kushusha mtambo kwenye lori

Mteremko wa kwanza ambao mtambo hukutana nao mara nyingi si wa mlima, bali ni mbao au reli za chuma za kushukia kutoka kwenye lori au lobedi. Ni mfupi na mkali, na uko juu ya kitu chenye magurudumu.

Lori huegeshwa kwenye ardhi tambarare, breki ya mkono ikiwa imefungwa na magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi. Reli hufungwa kwenye lori ili zisichomoke, hupangwa kwa upana wa cheni, na hufutwa tope, mafuta na maji. Cheni za chuma juu ya reli za chuma zilizolowa hazina mshiko wowote. Mtambo ukifika kwenye ukingo wa juu wa reli, uzito wake huhama ghafla kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hapo mwendeshaji husogea kwa hatua ndogo hadi mtambo ulale kwenye mwinamo mpya. Hakuna anayesimama kati ya reli, nyuma ya lori wala pembeni mwa reli.

Barabarani, hasa kwenye miteremko ya Kitonga na ile ya kuingia Mbeya, mtambo hufungwa kwa minyororo kwenye pembe zote nne. Mkono hufungwa peke yake ili usiinuke kwa mtikisiko.

Ngazi

Swali la ngazi hujitokeza pale kazi inapokuwa ndani ya jengo au kwenye ua ulio juu ya barabara, jambo la kawaida katika miji iliyojengwa vilimani. Jibu la kwanza ni hapana. Mitambo mingi ya aina hii haikusanifiwa kupanda ngazi, na mtambo ambao kitabu chake hakiruhusu ngazi kwa maandishi haupandishwi, hata kwa hatua mbili.

Sababu ya kwanza ni mwinamo. Ngazi yenye kimo cha sentimita 17 na kina cha sentimita 28 kwa kila hatua ina mwinamo wa nyuzi 31. Huo ni mkali kuliko miteremko mingi ya barabara na bustani ambayo mitambo hii huruhusiwa kuipanda.

Sababu ya pili ni mshiko. Kwenye ardhi, cheni hulala kwa urefu wake wote. Kwenye ngazi, hugusa ncha za hatua pekee. Cheni yenye urefu wa sentimita 120 kwenye ngazi ya vipimo hivyo hugusa ncha tatu au nne tu, na ncha moja ikimeguka mtambo hudondoka kwenye hatua ya chini yake. Ngazi za terazo au vigae vilivyolowa huondoa hata mshiko huo mdogo.

Sababu ya tatu ni uimara wa ngazi zenyewe. Ngazi za majengo ya umma kwa kawaida husanifiwa kubeba uzito wa watu, takriban kilo 300 hadi 500 kwa kila mita ya mraba. Mtambo wa tani mbili huweka uzito wote huo kwenye eneo lisilozidi mita chache za mraba. Ni mhandisi wa majengo pekee anayeweza kusema kama ngazi itahimili, na neno lake hutolewa kwa maandishi. Katika majengo ya zamani, kama yale ya enzi ya Wajerumani yaliyopo Iringa, tahadhari huongezeka kwa kuwa michoro yake mara nyingi haipo na uharibifu wake haurekebishiki kwa urahisi.

Pale mtengenezaji na mhandisi wote wameruhusu, mtambo hupandishwa ukiwa umenyooka, kwa mwendo wa chini kabisa, bila kusimama na kuanza tena katikati. Sehemu mbili huhitaji uangalifu wa pekee: hatua ya kwanza, ambapo pua ya mtambo huinuka, na ukingo wa juu, ambapo mtambo hupepesuka kabla ya kulala kwenye sakafu. Watu wote huondolewa kwenye ngazi na kwenye eneo la chini yake. Njia mbadala huzingatiwa kwanza: kuingia kwa mlango mwingine, kutengeneza njia ya udongo iliyoshindiliwa, kutumia winchi, au kujenga jukwaa la mabomba mahali pa kazi.

Kuweka miguu na kunyanyua watu

Mtambo ukishafika mahali pa kazi, hatari hubadilika sura. Cheni husambaza uzito, miguu huukusanya. Mtambo wa tani tatu wenye cheni mbili, kila moja ikigusa ardhi kwa urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 20, hukandamiza ardhi kwa kilo 0.6 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Mkono ukielekezwa upande mmoja, mguu mmoja unaweza kubeba nusu ya uzito huo. Kwenye kisahani cha sentimita 20 kwa 20, mgandamizo ni takriban kilo 3.8 kwa kila sentimita ya mraba, yaani mara sita. Ardhi iliyobeba cheni bila tatizo inaweza kuzama chini ya mguu.

Dawa yake ni ubao mpana na mnene chini ya kila mguu. Ubao wa sentimita 60 kwa 60 hupunguza mgandamizo huo hadi kilo 0.4. Mteremkoni, mahali pa kila mguu huchimbwa kidogo ili ubao ulale sawa. Kuweka ubao juu ya mwinamo, au kupanga mawe na matofali chini ya mguu wa upande wa chini, ni kuandaa mtelezo. Mguu hauwekwi karibu na ukingo wa mtaro, ukuta wa kuzuia udongo au shimo lililofukiwa karibuni.

Kabla mtu hajapanda, mkono huzungushwa ukiwa mtupu ili kuhakikisha kuwa hakuna mguu unaozama au kuinuka. Aliye kwenye kikapu huvaa mkanda wa mwili uliofungwa kwenye nanga ya kikapu. Idadi ya watu na uzito wa vifaa havizidi vilivyoandikwa. Kwa mitambo mingi inayoruhusiwa kutumika nje, kazi husimama upepo unapofikia kasi ya mita 12.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 45 kwa saa. Na kileleni upepo huwa mkali kuliko bondeni. Karibu na nyaya za umeme, kazi huanza baada ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kushirikishwa na, inapobidi, kuzima laini.

Chini hubaki mtu anayejua kukishusha kikapu kwa vidhibiti vya dharura. Mtu aliyekwama juu hapaswi kusubiri hadi fundi atafutwe mjini.

Wajibu kisheria

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake na wa watu wengine wanaoweza kuathiriwa na kazi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), wenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, ndio unaosimamia utekelezaji wake, ukiwamo usajili wa sehemu za kazi na ukaguzi wa mitambo. Kimataifa, kiwango cha ISO 16368 kinahusu usanifu wa majukwaa ya kunyanyulia watu, na ISO 18893 kinahusu ukaguzi, matengenezo na uendeshaji wake.

Mfanyakazi anayeumia kazini analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Fidia hiyo, hata hivyo, haimrudishii mtu mguu wala uhai. Kwa hiyo uamuzi muhimu kuliko yote hufanyika kabla ya injini kuwaka, na mwendeshaji lazima awe na nafasi ya kusema kuwa mteremko huu hauendeki bila kuogopa kupoteza kibarua. Msimamizi anayemshinikiza mwendeshaji apande kwa sababu kazi imechelewa anabeba wajibu wa matokeo.

Bodi ya shule, kamati ya kanisa au msikiti, au mmiliki wa jengo anayekodi mtambo anapaswa kuomba kuona mambo manne: cheti cha ukaguzi wa mtambo ambacho muda wake haujaisha, uthibitisho wa mafunzo ya mwendeshaji kwa mtambo wa aina hiyo, kitabu cha maelekezo, na mpango wa kazi ulioandikwa baada ya eneo kupimwa. Kwa kazi za ujenzi, mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Bei nafuu ya mwenye mtambo asiye na nyaraka hizo haina unafuu wowote.

Kwa wananchi wanaoishi jirani na maeneo ya kazi, kanuni ni fupi. Wasivuke utepe. Wasipite upande wa chini wa mtambo unaotembea mteremkoni, hata kama njia hiyo ndiyo ya kila siku ya kwenda kisimani au shuleni. Watoto wazuiwe kusogea kutazama. Mtambo ulioegeshwa bila mtu usiguswe wala kupandwa. Panapotokea ajali, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu kwa namba 114, na watu wasijaribu kuuinua mtambo kwa mikono, kwa kuwa mtambo uliopinduka mteremkoni bado unaweza kusogea na kuwafikia wanaookoa.